Upande Usionaswa: Ngoma za Ntuzu, Maikrofoni na Jazi ya Mwandishi

Pamba ikishavunwa na kuuzwa, katika miezi ya kiangazi baina ya Juni na Agosti, uwanja wa ngoma katika nchi ya Ntuzu hugawanyika mapande mawili. Ntuzu ni jina la kale la nchi ambamo mji wa Bariadi umesimama leo, na wenyeji wake hata sasa hujiita Wanyantuzu kabla ya kujiita Wasukuma, seuze watu wa Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 tu. Upande mmoja wa uwanja husimama Wagika, na upande wa pili Wagalu. Kila kundi lina manju wake, ngoma zake, wachezaji wake na dawa zake. Makundi yote mawili huanza kwa wakati mmoja na hakuna linalomngoja mwenziwe amalize. Watazamaji nao hawaketi. Huenda na kurudi, husimama hapa kidogo, wakasikia kelele za furaha kule, wakakimbilia huko. Jua linapotua, aliyebakiwa na umma mkubwa ndiye mshindi. Hakimu mwenye kalamu na karatasi hayupo. Wanaohukumu ni miguu ya watu.

Asili ya mgawanyiko huo Wasukuma huieleza kwa habari za mafundi wawili wa ngoma na uganga, Ngika na Gumha, walioishi katika karne ya 19 na kushindana hadi kila mmoja akaacha nyuma yake chama cha wafuasi. Wagika ni watu wa Ngika. Wagalu ni watu wa Gumha. Tangu hapo mtu hujiunga na chama kwa kufundwa, na ndani ya kila chama zimo ngoma nyingi: ya majembe iitwayo bugobogobo, iliyozaliwa katika vikundi vya kulima kwa ujima, ya bayeye, wachezao na nyoka, ya banungule, wawindaji wa nungunungu, na wigashe, ambayo huchezwa kwa kukaa. Dawa ya kuvuta watu huitwa samba. Mshindwa aghalabu hasemi kwamba alicheza vibaya, husema samba ya mwenziwe ilikuwa kali.

Msomaji wa pwani hatayaona mambo haya kuwa mageni. Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja zilikuwa na beni zake, Arinoti kwa Marini, na lelemama za kina mama zilizokomoana kwa mavazi na kwa mafumbo. Taarabu nayo iliishi kwa ushindani wa vyama tangu Ikhwan Safaa ilipoundwa mwaka 1905, na zogo la mipasho baina ya TOT na Muungano katika miaka ya 1990 halijasahauliwa na aliyelishuhudia. Kitabu cha insha kilichohaririwa na Frank Gunderson na Gregory Barz mwaka 2000 kikaitwa kwa haki kabisa Mashindano!, pamoja na alama yake ya mshangao. Lakini iko tofauti moja kubwa. Pwani, mara nyingi, mshindani huimba, kisha mwenziwe humjibu. Jibu huja baada ya swali, kama katika malumbano ya mashairi. Ntuzu swali na jibu huimbwa kwa pamoja, na anayetaka kusikia vyote viwili hana budi kutembea.

Kwa hivyo ngoma hii haina mbele wala nyuma. Mtu aliyesimama katikati ya uwanja husikia nyimbo mbili zilizopandana, mapigo mawili yasiyolingana, filimbi, vigelegele na vumbi. Akipiga hatua ishirini kushoto, wimbo mmoja hukua na wa pili huwa mwangwi wake. Akirudi kulia, mambo hugeuka. Manju huutunga wimbo wake, lakini kila msikilizaji hujitungia mchanganyiko wake kwa nyayo zake, na hakuna wawili waliosikia ngoma moja siku hiyo.

Maikrofoni iliyoletwa mbele ya muziki wa namna hiyo ilikuwa imeshapata malezi yake mahali pengine. Siti binti Saad na wenziwe walipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, walikutana na chumba kilichofungwa na sahani ya santuri ambayo upande wake mmoja ulibeba takriban dakika tatu. Shairi ambalo Unguja lingeimbwa hadi usiku wa manane, beti likirudiwa kila msikilizaji alipotunza, lilibidi likatwe kwa kipimo cha sahani. Taarabu iliistahimili kazi hiyo na hata ikanufaika nayo, kwani ilikuwa tayari na mwimbaji mmoja wa mbele na wapigaji walioketi mahali pao. Chombo kilikutana na umbo lililokaribia kulingana nacho.

Bara mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1950 alipita Tanganyika Mwingereza Hugh Tracey, aliyekwenda Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kulima tumbaku, akaishia kuyatumia maisha yake kukusanya muziki wa Afrika. Katika safari hiyo alirekodi watu wengi wa nchi hii, Wasukuma na Wanyamwezi wakiwamo, na baadaye kazi zake ziliingia katika mfululizo mkubwa wa santuri za Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha mwaka 1954 huko Afrika Kusini. Tracey hakuwa mtu wa kutega chombo na kukaa kando. Jenereta aliiweka mbali, waya mrefu ukatandazwa hadi kwa wapigaji ili ngurumo yake isiingie katika rekodi, naye mwenyewe akashika maikrofoni mkononi. Aliisogeza kwenye mdomo wa mwimbaji, akaiteremsha kwenye ngoma, akairudisha kwenye kiitikio, mfano wa mpiga picha anayetafuta sura ya kukazia macho. Kuishika maikrofoni, kwake yeye, kulikuwa sanaa, na anayesikiliza santuri zake leo hawezi kumbishia. Sauti zile ziko karibu mno, utadhani mwimbaji amekaa juu ya mkeka wa chumba hicho hicho.

Palipomfaa zaidi mtindo huo ni kwenye ala za upole. Wasukuma na Wanyamwezi wana ndono, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu. Mpigaji huugonga uzi kwa kijiti, na mdomo wa kibuyu akauziba na kuuzibua juu ya kifua chake. Kila unapozibuka hutoka sauti nyingine nyembamba juu ya ile nene, kama kivuli cha noti iliyopigwa. Mtu akiwa hatua tano kando hasikii ila tiki-tiki ya kijiti. Muziki huo mpigaji hujipigia mwenyewe, njiani au barazani kwake, na nusu yake husikika ndani ya kifua na si hewani. Maikrofoni ya mkononi ilifika pale ambapo sikio la mgeni lisingefika pasipo utovu wa adabu.

Lakini mkono ule ule, ulipoelekezwa kwenye uwanja wa mashindano, ulikuwa umekwisha kuchagua. Maikrofoni iliyowageukia Wagika imewapa Wagalu kisogo. Ukishachagua kundi, ukawapanga wapigaji, ukawaomba wafupishe ili wimbo uenee kwenye sahani, na umma ukautaka usogee mbali na kunyamaza, umenasa wimbo kwa ukamilifu na umeiacha ngoma nje. Haiwezekani kujua kutokana na santuri ya namna hiyo nani alishinda, kwa sababu kilichoamua ushindi, yaani kuhama kwa watu, ndicho kilichoondolewa kwanza kwa kuitwa kelele. Maneno ya kejeli yamebaki. Aliyekejeliwa, aliyekuwa hatua hamsini tu akijibu kwa kejeli yake, hayupo. Huo ni upungufu wa kishairi kabla ya kuwa wa kifundi. Mwenye kujua malumbano anaelewa maana ya kupewa beti za mlumbi mmoja tu.

Redio iliurithi mtindo huo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya kuundwa kwa wizara ya utamaduni mwishoni mwa 1962, kunasa ngoma za mikoani kulikuwa wajibu wa kitaifa, na kanda za ngoma zikajaa rafuni sambamba na za dansi. Studioni bendi nzima ilipiga kwa pamoja, sauti zote zikachanganyika papo hapo kwenye utepe mmoja. Aliyekosea alikosea pamoja na wenzake, na wote wakaanza upya. Jina la jazi wakati huo lilikuwa limeshapata maana ya kwetu: Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Nuta Jazz hazikupiga muziki wa New Orleans, zilipiga dansi lililochota kwenye rumba za Cuba na Kongo na kwenye ngoma za nyumbani. Jazi ilikuwa na maana ya bendi yenye magitaa na mapembe ya kupuliza, basi.

Mwaka 1969 ulileta kinyume cha ajabu ambacho wanahistoria wa muziki wetu hawajakitia uzito unaostahili. Mwezi wa Novemba, mkuu wa Mkoa wa Pwani alipiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam, kwa hoja kwamba ni uchafu wa kigeni unaoharibu vijana. Mwezi uliofuata, tarehe 11 Desemba, kikundi cha wanamuziki weusi wa Marekani kiliingia studio na kurekodi santuri iliyoitwa Kawaida. Nyimbo zake zilikuwa na majina kama Baraka, Dunia, Kamili na Maulana. Mpiga ngoma aliyeongoza, Albert Heath, aliitwa Kuumba. Kaka yake Jimmy, mpiga saksofoni, aliitwa Tayari. Kijana aliyetunga sehemu kubwa ya kazi hiyo aliitwa Mtume. Mpiga piano alikuwa Herbie Hancock, aliyekwishatumikia bendi ya Miles Davis kwa miaka mitano, naye akaitwa Mwandishi. Hivyo Dar es Salaam iliufungia mlango muziki wa Wamarekani weusi katika majira yale yale ambayo Wamarekani weusi walikuwa wakikiingiza Kiswahili katika muziki wao.

Majina hayo yalipitia kwa Maulana Karenga na jumuiya yake ya US, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1965. Karenga ndiye aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 na kuitegemeza juu ya nguzo saba zenye majina ya Kiswahili, mojawapo ikiwa ujamaa, neno ambalo siku hizo lilivuma duniani kwa sababu ya Nyerere. Bendi ambayo Hancock aliiunda baadaye ilijaa majina haya. Mpiga besi Buster Williams alikuwa Mchezaji, Billy Hart wa ngoma alikuwa Jabali, na Bennie Maupin wa klarineti na saksofoni alikuwa Mwile. Julian Priester wa tromboni alijiita Pepo Mtoto, jina ambalo katika kilinge cha Pemba lingezua maswali mengi kabla ya kupigwa noti hata moja. Eddie Henderson wa tarumbeta alikuwa Mganga, na hapo jina lilimpata mwenyewe, maana alikuwa daktari aliyesomea utabibu. Kuhusu yule aliyejiita Mtume, pwani ya Waislamu isingelitamka jina hilo bila kukohoa kwanza. Lakini walioyachukua hawakuwa wakicheza. Watu ambao babu zao walinyang'anywa majina katika merikebu walikuwa wakijitafutia mengine, na wakayachagua kutoka lugha ambayo haikuwa ya kabila moja.

Santuri ya kwanza ya bendi hiyo, iliyoitwa Mwandishi, ilirekodiwa San Francisco siku ya mwisho ya mwaka 1970. Wimbo wa kwanza, uliotungwa kwa heshima ya Angela Davis aliyekuwa kizuizini, una duru ya mapigo 15 ambayo mguu wa msikilizaji huikosa kila mara inapokaribia kukamilika. Mmoja wa wapiga ngoma ndani yake ni Leon Chancler, aliyejulikana kwa jina la Ndugu, cheo ambacho kila Mtanzania alikuwa nacho baada ya Azimio la Arusha. Ufundi wa santuri hii ndio uliofungua njia ya kile ambacho baadaye kiliitwa jazi ya anga, muziki unaomzunguka msikilizaji badala ya kumhutubia.

Njia hiyo ilikuwa imeshachimbwa kwa wembe. Mwezi Februari 1969 Hancock alikuwa miongoni mwa wapigaji watatu wa vinanda katika kikao cha Miles Davis kilichozaa In a Silent Way. Mtayarishaji Teo Macero alizichukua kanda za kikao, akazikata kwa wembe na kuziunga kwa gundi, hata sehemu iliyofungua upande wa sahani ikarudi tena mwishoni kufunga, nayo haikupigwa mara ya pili. Ni utepe ule ule ulionakiliwa. Wapigaji walipiga muziki. Umbo lake lilitungwa baada ya wao kwenda nyumbani.

Hancock na mtayarishaji wake David Rubinson waliuendeleza ufundi huo. Piano ya umeme aina ya Fender Rhodes hutoa sauti kwa nyundo zinazogonga vijiti vya chuma, jambo linaloifanya kuwa binamu wa mbali wa ilimba ya Wagogo. Sauti yake ilipitishwa katika mashine ya mwangwi, kisanduku chenye utepe uliofungwa kama pete: kichwa kimoja kinaandika, kingine kinasoma kitambo kidogo baadaye, na kinachosomwa kikirudishwa kuandikwa tena, noti moja huzaa vitukuu hadi ikafifia. Mwaka 1972, katika santuri ya Crossings, aliongezeka Patrick Gleeson, mtu aliyewahi kufundisha fasihi ya Kiingereza chuoni kabla ya kuvutwa na sinthesaiza. Aliletwa ili ampe Hancock maelekezo ya chombo. Kazi yake ikapendeza, sauti zake zikawekwa juu ya zile za bendi, na hatimaye akachukuliwa awe mwanachama. Katika Sextant ya mwaka 1973, wimbo wa mvua unaoanzisha sahani umesimama juu ya matone ya kielektroniki ambayo mashine huyachagua kwa bahati nasibu. Kwenye orodha ya wapigaji wa santuri hiyo yumo fundi wa umeme wa bendi, Billy Bonner, na jina lake la kazi limeandikwa kwa Kiswahili: Fundi. Ni vigumu kupata jina lililonyooka kuliko hilo katika mkusanyiko wote.

Bendi ilivunjika mwaka huo huo kwa ukata. Hakuna sababu ya kudai kwamba Mwandishi na wenzake walizijua ngoma za Ntuzu. Walichokichukua Afrika Mashariki kilikuwa maneno, na mapigo yao yalikuwa na shina jingine. Hata hivyo walichokitafuta kwa mwangwi, kwa wembe na kwa sauti kuhamishwa kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia ni jambo ambalo mtazamaji wa Bariadi alilipata kwa kutembea: muziki usio na mahali pa mbele, ambao sehemu zake mbili hazisubiriani, na msikilizaji yumo ndani yake. Tofauti ni kwamba katika santuri anayetembea ni fundi, naye hutembea mara moja kwa niaba ya wote. Msikilizaji ameketi.

Iko tofauti nyingine yenye uchungu zaidi. Studio ya San Francisco ilinasa kila ala kwenye mkondo wake. Miaka hamsini baadaye mtu anaweza kuurudia utepe huo, akaiteremsha tarumbeta ya Mganga na kuipandisha besi ya Mchezaji, akasikia kilichokuwa kimejificha. Utepe wa ngoma ya bara uliochanganywa papo hapo hauna mlango wa kurudia. Kile ambacho maikrofoni ilikipa kisogo hakimo, wala hakuna mashine itakayokirejesha. Kanda za Radio Tanzania, ambazo sasa ziko chini ya TBC, zimedaiwa mara nyingi, na kwa haki, zihamishiwe kwenye kompyuta kabla utepe haujaoza. Lakini hata siku zitakapohamishwa zote bila kupotea moja, mashindano ya Wagika na Wagalu yatakuwa bado hayajanaswa, kwani yanahitaji vinasa sauti viwili vilivyotazamana, na cha tatu kwenye mkono wa mtu asiyetulia.

Cha tatu hicho pengine kimeshapatikana bila kutafutwa. Kwa miaka kadhaa sasa nyimbo za Kisukuma zimekuwa zikiuzwa sokoni kwa kupakiwa kwenye memori kadi, na vijana huja uwanjani na simu. Rekodi zao, kwa kipimo cha Tracey, ni mbovu: upepo unapiga, ngoma zinakwaruza, mwenye simu anacheka na kumwita mwenzake. Kisha kelele zinalipuka upande wa pili, na kijana anakimbia bila kuizima. Wimbo wa Wagika unazama nyuma yake, viatu vyake vinasikika juu ya mabua, pumzi inampanda, watu wengine wengi wanakimbia kando yake, na kutoka mbele, polepole, unaingia wimbo wa Wagalu.